Ujumbe Usioombwa katika Mtandao Usio na Kitovu

Wafasiri wanaoshughulikia sheria, kanuni na miongozo ya mawasiliano hukutana mara kwa mara na neno la Kiingereza spam, na kwa juu juu neno hilo haliwapi taabu yo yote. Tunayo "barua taka", na tangu simu za mkononi zilipoenea tunayo pia "ujumbe taka". Maneno hayo ni mafupi, yanatamkika, na msomaji wa gazeti huyaelewa bila kufafanuliwa. Sisi wenyewe tumeyatumia kwa miaka mingi, wala hatukusudii kumkataza mtu ye yote kuyatumia katika mazungumzo yake. Tunalotaka kuonyesha katika makala haya ni kwamba neno "taka" hutoa hukumu juu ya yale yaliyomo ndani ya ujumbe, ilhali historia ya jambo lenyewe, na hasa historia yake katika mitandao isiyo na kitovu, yaonyesha kwamba udhia ulitokana na namna ujumbe ulivyofika na mara ngapi ulivyofika.

Jambo hili lisingekuwa na uzito mkubwa kama lingebaki kwa wanaisimu peke yao. Lakini mwaka 2021 sheria ilibadilishwa nchini Tanzania ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu hapo kufasiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza kumekuwa wajibu wa Serikali. Miongoni mwa sheria hizo imo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo kifungu chake cha 20 kinahusu suala hili hili. Neno litakalowekwa pale ndilo hakimu atakalolisoma, na ndilo mshtakiwa atakalosomewa. Kwa hiyo yafaa tujue asili yake.

Asili ya neno la Kiingereza ni jikoni. Mwaka 1937 kampuni ya Hormel ya Marekani ilianza kuuza nyama ya nguruwe iliyotiwa koponi kwa jina hilo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nyama hiyo ilipelekwa kwa wingi Uingereza na kwa majeshi, kwa kuwa haikuoza na haikuhitaji barafu, hata walaji wakaichoka. Mwezi Desemba 1970 kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, kilionyesha katika televisheni mchezo mfupi wa mkahawa ambao karibu kila chakula kilikuwa na nyama hiyo, na wateja wengine wakiliimba jina lake kwa sauti kubwa hata watu waliotaka kuzungumza wakashindwa kusikizana. Vijana waliotumia kompyuta katika miaka ya 1980 walilichukua neno kutoka katika mchezo huo. Waliposema mtu fulani anafanya spam walimaanisha kwamba anarudia-rudia maneno mpaka wengine hawapati nafasi ya kusema. Msomaji ataona kwamba hapo hapakuwa na wazo la taka. Nyama ile ilikuwa chakula halali. Kilichochosha ni wingi wake na kutoachiwa hiari ya kukikataa.

Tukio ambalo wanahistoria wengi hulihesabu kuwa la kwanza lilitokea kabla neno halijapata maana hiyo. Mwezi Mei 1978 Gary Thuerk, afisa wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya Digital, alipeleka tangazo moja kwa watu karibu 400 wa mtandao wa ARPANET waliokuwa upande wa magharibi wa Marekani, akiwaalika waje kuziona kompyuta mpya za kampuni yake. Tangazo halikuwa la uongo. Kompyuta zilikuwapo, na baadhi ya waliolipokea walizihitaji. Hata hivyo wasimamizi wa mtandao walikaripia, kwa sababu mtandao ule ulikuwa wa shughuli za serikali na hakuna aliyeuliza bei. Ukimwambia mtu wa mwaka 1978 kwamba ule ulikuwa "ujumbe taka", angeweza kukujibu kwa haki kabisa kwamba taka hizo zilimpatia kompyuta nzuri.

Tukio la pili lina faida zaidi kwa hoja yetu. Tarehe 12 Aprili 1994 wanasheria wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walibandika tangazo lao juu ya bahati nasibu ya ukazi wa Marekani katika maelfu ya makundi ya Usenet, kila kundi kwa nakala yake. (Bahati nasibu hiyo inajulikana sana Dar es Salaam na Nairobi, na mawakala wake hawajapungua.) Usenet haikuwa na makao makuu. Kila kompyuta ilizipokea habari kutoka kwa jirani yake na kuzikabidhi kwa jirani mwingine, mpaka zikaenea duniani. Hapakuwa na mtu wa kupigiwa simu azuie. Watu walikasirika, wakawamiminia wanasheria wale malalamiko mengi hata kompyuta za kampuni iliyowahudumia zikazidiwa na kuanguka. Na mtaalamu mmoja wa Norway akaandika programu ya kulifuta tangazo lile kila lilipotokea. Dawa hiyo nayo ilikuwa na sumu yake, maana katika Usenet mtu ye yote aliweza kutoa amri ya kufuta kwa jina la mwingine. Aliyeweza kufuta tangazo la wanasheria aliweza pia kufuta maoni ya mtu asiyempenda.

Baada ya hapo mapambano yalielekea mahali penye vitovu. Barua pepe hupita katika kompyuta chache kubwa, na mlinzi anaweza kuwekwa mlangoni. Kuanzia mwaka 1997 Paul Vixie na wenzake walitunza orodha ya kompyuta zilizojulikana kwa kupeleka matangazo ya kero, na waliotaka walikataa kila kilichotoka huko. Mwaka 2002 Paul Graham alieneza njia ya kuhesabu maneno: programu huonyeshwa barua nzuri na mbaya, ikajifunza ni maneno gani hutokea zaidi katika zipi, kisha ikakadiria. Katika simu, kampuni ndiyo inayoshika mnara, namba na hesabu ya fedha. Ndiyo maana serikali zetu zilipotaka kuwapata matapeli wa "ile pesa tuma kwa namba hii" ziliamuru namba zisajiliwe, Tanzania ikianza mwaka 2009 na baadaye kuongeza alama za vidole. Tunayapita haya upesi kwa sababu yameandikwa mara nyingi. Yote yanategemea kwamba yupo mtu anayekaa katikati, anayeona kila kinachopita, na anayeweza kusema hiki kipite na hiki kisipite.

Sasa tuje kwenye mtandao ambao mtu huyo hayupo.

Kwa Kiingereza huitwa kwa maneno ya Kilatini ad hoc, yaani "kwa ajili ya hili", kwa sababu huundwa pale pale na vyombo vilivyokutana na huvunjika vinapoachana. Simu mbili zikikaribiana, kwa redio ndogo ya Bluetooth au nyingine ya namna hiyo, huzungumza zenyewe bila mnara wala kampuni. Simu ya kwanza ikiwa na ujumbe wa mtu wa mbali, huikabidhi ya pili. Ya pili husafiri mfukoni mwa mwenyewe, ikakutana na ya tatu. Hivyo hivyo mpaka ujumbe umfikie mwenyewe, baada ya dakika chache au baada ya siku mbili. Watu wa pwani na bara hawana haja ya kuelezwa sana. Barua iliyopewa nahodha wa jahazi, au utingo wa basi, ikaachwa dukani ikingoja mtu anayekwenda kijiji cha mbele, ilisafiri kwa njia hii hii.

Baadhi ya wafasiri wameandika "mtandao wa dharura". Hilo hatulikubali, maana dharura ni shida iliyozuka ghafla, na mtandao huu waweza kuundwa na vijana wanaobadilishana nyimbo tu. Wengine wameandika "mtandao wa muda", ambalo ni kweli lakini halielezi kazi yake. Sisi tunapendekeza "mtandao wa kupokezana", kwa kuwa kupokezana ndiko kunakoutofautisha na mitandao mingine. Tena kitenzi hicho kinatupa familia nzima: mpokeaji ni yule ambaye ujumbe umeandikiwa, na mpokezaji ni yule anayeushika njiani na kuukabidhi mbele. Tofauti ya maneno hayo mawili itatufaa baadaye.

Utafiti wa mitandao hii ulianza zamani. Marekani ilijaribu redio za kupokezana pakiti za habari katika miaka ya 1970. Lakini jaribio linalotuhusu zaidi lilifanyika katika Afrika ya Mashariki, na waliolifanya kazi hawakuwa watu. Mwezi Januari 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwafunga pundamilia kadhaa wa Laikipia, nchini Kenya, kanda za shingoni zenye kompyuta ndogo, redio na chombo cha kutambua mahali mnyama alipo. Pale nyikani hapakuwa na mnara wa kutegemewa, na mtafiti hakuweza kumfuata kila mnyama. Kwa hiyo pundamilia wawili walipokaribiana, kanda zao zilipeana kumbukumbu, kila mmoja akabeba safari za mwenzake pamoja na zake. Mtafiti aliyepita kwa gari na kumkaribia mmoja aliweza kupata habari za wengine ambao hakuwaona. Mpango huo uliitwa ZebraNet.

Wabunifu wa ZebraNet walilazimika kulijibu swali ambalo bado ndilo kiini cha jambo letu: je, kila kanda ikabidhi kila ilicho nacho kwa kila inayekutana naye? Njia hiyo ya kumpa kila mtu kila kitu ilikwisha elezwa mwaka 2000 na Amin Vahdat na David Becker wa Chuo Kikuu cha Duke, nao waliifananisha na kuenea kwa maradhi ya kuambukiza. Ina sifa moja kubwa: kama kuna njia yo yote ya kumfikia mpokeaji, ujumbe utaipata. Kasoro yake ni kwamba nakala huongezeka bila kiasi, nazo hula betri na nafasi ya kuhifadhi. Kati ya pundamilia kasoro hiyo ilivumilika kwa kadiri, kwani kanda zote zilikuwa za bwana mmoja, na hakuna pundamilia aliyekuwa na bidhaa ya kutangaza. Kwa wanadamu mambo ni mengine. Mtandao ambao kila mpokezaji huupitisha kila ujumbe ni zawadi kwa mtu mwenye tangazo: anaandika mara moja, na betri za watu wengine zinamfanyia kazi iliyobaki.

Simu zenyewe zilitoa onyo mapema. Mwezi Juni 2004, miezi michache tu baada ya jaribio la Laikipia, iligunduliwa programu haribifu iliyoitwa Cabir, ya kwanza kuenea kutoka simu hadi simu kwa njia ya Bluetooth. Haikujificha. Simu iliyoambukizwa iliitafuta jirani yake na kuuliza kama mwenyewe anakubali kupokea; akikataa, iliuliza tena, na tena, mpaka mtu aondoke mahali pale au akubali ili apate raha. Mwezi Agosti 2005 ilienea kati ya simu za watazamaji katika uwanja wa Helsinki, wakati wa mashindano ya dunia ya riadha, yale yale ambayo Mtanzania Christopher Isegwe alipata medali ya fedha katika mbio za marathoni. Maelfu ya watu wamekaa bega kwa bega kwa saa nyingi, simu zao zimefunguliwa: huo ulikuwa mtandao wa kupokezana uliojiunda bila mtu kuuita. Tuukumbuke uwanja huo, maana tutaurudia.

Huku kwetu miaka ile ile vijana walikuwa wakirushiana nyimbo na picha kwa njia hiyo hiyo, na lugha haikungoja baraza lo lote. Mtu alisema "nirushie", mwenziwe akafungua simu na kupokea. Kitenzi hicho ni kizuri kuliko vingi vilivyobuniwa mezani, kwa sababu ndani yake yumo anayeomba. Anayerushiwa amesema nirushie. Aliyerushiwa bila kusema amepigwa na kitu.

Mitandao ya kijamii ya namna hii, ambayo watu huandikiana na kufuatana kama katika mitandao ya kawaida lakini bila mnara, ilipata umaarufu baadaye. Mwaka 2014 programu ya FireChat ilitumiwa Hong Kong na waandamanaji waliohofia kwamba huduma ya simu ingekatwa au kuzidiwa. Kila alichoandika mtu kilionekana na wote walio karibu, na kila mtu alijichagulia jina. Uvumi na maneno ya uchochezi yalipita humo sawa na maelekezo ya kweli, kwa hiyo wenye programu wakaleta alama ya kuwathibitisha baadhi ya waandishi. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha Royal Holloway cha London walitangaza udhaifu wa programu nyingine ya aina hii, Bridgefy. Pamoja na mambo mengine walionyesha kwamba ujumbe mmoja mdogo uliofinywa kwa hila, ukifunguliwa, uliweza kuvimba hata ukaziangusha simu ulizozifikia. Hapo wingi haukuhitajika tena. Ujumbe mmoja ulitosha kuunyamazisha mtandao wakati watu wanauhitaji kabisa. Mwezi Januari 2021 wananchi wa Uganda walikaa siku kadhaa bila intaneti wakati wa uchaguzi, na tangu hapo hakuna awezaye kusema kwamba mambo haya ni ya Hong Kong tu.

Wataalamu wamejaribu dawa gani? Iliyo rahisi kueleweka ni ya mwaka 2005, ya Thrasyvoulos Spyropoulos na wenzake. Ujumbe hupewa idadi ya nakala tangu unapozaliwa, tuseme 16. Simu iliyouandika ikikutana na nyingine huipa haki ya nakala 8 na kubaki na 8, kila moja ikikutana na nyingine hugawa 4, kisha 2, mwisho kila simu ina nakala moja tu, nayo hungoja mpaka ikutane na mpokeaji mwenyewe. Watu wangekuwa elfu au milioni, nakala hazitazidi 16. Waliobuni njia hii walikuwa na nia ya kuokoa betri, lakini bila kukusudia wakawa wamemkata miguu mwenye tangazo.

Lakini hawakumkata yote. Mtu aweza kuandika ujumbe elfu moja, kila mmoja na nakala zake 16. Mwaka 2013 Qinghua Li na wenzake watatu huko Marekani walichapisha njia ya kumnasa mtu huyo, na kwa maoni yetu ni njia ya busara kuliko zote tulizozisoma. Tuseme kila simu imeruhusiwa kutoa ujumbe 20 kwa siku. Kila ujumbe unaotoka hubeba namba yake ya mfuatano, ya kwanza hadi ya ishirini, pamoja na sahihi ya aliyeutoa. Mtoaji mwenyewe ndiye anayehesabu, hakuna karani. Sasa, anayetaka kutoa ujumbe wa 21 hana namba iliyobaki. Hana budi kuitumia tena moja aliyokwisha kuitumia, kwa mfano namba 7. Siku hiyo haonekani kuwa na kosa, maana aliyepewa namba 7 ya kwanza na aliyepewa namba 7 ya pili ni watu wawili tofauti walio mbalimbali. Ila wapokezaji nao hutembea. Wakikutana, simu zao hulinganisha namba walizozibeba, na hapo huonekana ujumbe mbili tofauti, namba moja, sahihi moja. Mwongo amejiandikia ushahidi kwa mkono wake mwenyewe. Watu wa vijijini huwakamata hivyo wale waliokopa kwa watu wawili kwa dhamana ya ng'ombe mmoja: wadai wakutane tu sokoni.

Tuangalie kwamba katika njia hizi zote mbili hakuna anayesoma yaliyoandikwa. Wala haiwezekani asome. Katika mtandao wa kupokezana ulioundwa vizuri ujumbe hufungwa kwa siri ili mpokezaji asiujue. Asingefungwa, kila jirani angezisoma barua za wenziwe. Kwa hiyo njia ya kuhesabu maneno, ambayo ilisaidia sana katika barua pepe, haina mahali pa kukaa hapa ila katika simu ya mpokeaji mwenyewe, yaani baada ya hasara kwisha kutokea njiani. Kama mpokezaji hawezi kujua kilichomo, hawezi kujua kama ni taka. Awezalo kujua ni idadi, sahihi, na alikotoka.

Sahihi hiyo ndiyo inayoleta shida iliyobaki. Mwaka 2002 John Douceur, mtafiti wa kampuni ya Microsoft, alionyesha kwamba pasipo na mamlaka ya kutoa vitambulisho, mtu mmoja aweza karibu siku zote kujifanya wengi. Hila hiyo aliiita Sybil, kwa kufuata kitabu cha mwaka 1973 kilichomhusu mwanamke aliyesemekana kuwa na nafsi nyingi. Mwenye majina hamsini ana ujumbe 20 mara hamsini kwa siku, na hakuna namba iliyorudiwa. Ndiyo maana njia ya mwaka 2013 inachukulia kwamba vitambulisho vimetolewa na chombo kinachoaminiwa. Kitovu tulichokitoa mlangoni kimerudi kwa dirishani, na hatuoni aibu kusema hivyo. Kwa istilahi, tungependa watu waache jina la mwanamke yule na waseme "hila ya majina mengi".

Iko pia dawa ya kumtoza mtumaji, iliyopendekezwa na Cynthia Dwork na Moni Naor mwaka 1992 na kuundwa kwa namna nyingine na Adam Back mwaka 1997: kabla ya kutuma, kompyuta hulazimishwa kufanya hesabu ngumu kidogo, isiyomwumiza mwenye barua moja lakini inayomchosha mwenye barua milioni. Kwa simu hatuioni kuwa ya haki. Hesabu hiyo hulipwa kwa betri, na simu ya bei rahisi hutumia muda mrefu zaidi kuimaliza kuliko mtambo wa tajiri. Anayepaswa kuzuiwa ndiye atakayelipa kwa wepesi.

Baada ya historia hiyo tunaweza kurudi kwenye kifungu cha 20. Kinamzuia mtu, pale anapokuwa na nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo, asianzishe upelekaji wa ujumbe wa aina hii, asiupitishe wala kuutuma upya, na asighushi maelezo ya ulikotoka. Na maana ya ujumbe wenyewe imewekwa kwa uangalifu: ni ule ambao mpokeaji hakuuomba. Sheria haikuuliza kama ni wa maana au wa upuuzi. Mfasiri akiandika "ujumbe taka" atakuwa ameingiza swali ambalo sheria haikuliuliza, na wakili hodari atasimama na kusema kwamba tangazo la mteja wake ni la bidhaa bora, kama lile la mwaka 1978. Kwa hiyo katika sheria na katika maandishi ya ufundi tunapendekeza "ujumbe usioombwa". "Ujumbe taka" libaki kwa yale ambayo mpokeaji mwenyewe ameyahukumu na kuyatupa. (Wingi "jumbe" tunashauri uepukwe po pote, jumbe alikuwa mtawala wa mji, na wengine wao hawakupenda kutumwa.)

La pili ni kitenzi. Pale Kiingereza kinaposema relay, tumeona rasimu zikiandika "kusambaza". Tunaomba wafasiri wafikiri mara mbili. Anayesambaza amekusudia kitu kienee. Mwenye simu iliyo katika mtandao wa kupokezana huenda amelala, na simu yake mfukoni inapitisha ujumbe uliofungwa ambao hawezi kuusoma. Ni kweli kwamba kifungu kinataka nia ithibitishwe, lakini kitenzi kikiwa na nia ndani yake mwendesha mashtaka hupata nusu ya kazi yake bure. Tunapendekeza "kupitisha" kwa kitendo cha chombo chenyewe, na "kupokeza" kwa kitendo cha mtu anayejua anachokabidhi.

Kuna waliopendekeza "ujumbe usioridhiwa" badala ya "usioombwa", kwa hoja kwamba ridhaa ni neno la kisheria lililokomaa. Hapo ndipo tunaporudi Helsinki. Watu wa uwanja ule waliulizwa, nao, kwa kuchoshwa na kuulizwa, walibonyeza kukubali. Simu zao zingetoa ushahidi kwamba waliridhia. Hakuna simu hata moja ambayo ingetoa ushahidi kwamba mwenyewe aliomba.